Kifaa Kikiharibika Ndani ya Pango la Maji

Tarehe 8 Januari 2005, wapiga mbizi wawili walizama katika pango la Boesmansgat, jimbo la Northern Cape, Afrika Kusini. David Shaw alikuwa anakwenda hadi sakafuni, kiasi cha mita 270, kuopoa mwili wa kijana aliyefia humo mwaka 1994. Don Shirley alikuwa nyuma yake, tayari kumsaidia. Wote wawili walitumia mashine zinazochuja pumzi ya mtu, zikaondoa hewa ukaa, zikaongeza oksijeni, kisha zikamrudishia avute tena.

Shirley alipofika karibu na mita 250, kifaa cha umeme kilichosimamia oksijeni yake kilipasuka kwa mgandamizo wa maji. Akageuza papo hapo. Kupanda kulimchukua zaidi ya saa kumi, na ilimbidi aipime na kuiongeza oksijeni kwa mkono. Alitoka amedhurika sikio la ndani, lakini alitoka hai. Shaw, ambaye mashine yake haikupasuka, hakutoka.

Kilichomponza ni waya wa tochi. Desturi yake ilikuwa kuining'iniza tochi shingoni pale mikono yote miwili ilipohitajika kazini. Siku hiyo alivaa kofia yenye kamera, na kofia hiyo ikamnyima nafasi ya kufanya hivyo. Tochi aliiachilia, waya ukanasa kwenye kamba. Alipohangaika kujinasua pumzi zilimpanda, na katika kina kile hewa huwa nzito mno kiasi kwamba mapafu hayawezi kuisukuma nje ipasavyo. Hewa ukaa ikamlemea. Siku chache baadaye wenzake walipokuwa wakivuta vifaa, mwili wake ulipanda juu pamoja na ule aliokwenda kuufuata.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu watu wengi hudhani hatari ya pangoni ni mashine kufa. Mashine hufa, na makala haya yanaeleza la kufanya zikifa. Lakini kati ya wale wawili, aliyeharibikiwa alikuwa na njia ya kurudi aliyoizoea. Mwenzake alikuwa amebadilisha kitu kidogo katika mavazi yake kwenye safari ngumu kuliko zote. Hapo ndipo pa kuanzia: usijaribu kifaa kipya, wala mpangilio mpya wa vifaa, siku ya kuingia ndani. Kijaribu kwanza kwenye maji ya wazi, mara nyingi, mpaka mkono ukijue bila macho.

Baharini, mtu akiishiwa hewa anaweza kupanda. Pangoni juu yako ni mwamba, na njia pekee ya kutoka ni ile uliyoingilia. Mmarekani Sheck Exley, aliyechunguza vifo vingi vya mapangoni na kuchapisha kijitabu chake mwaka 1979, aliona mambo matatu yakijirudia: waliokufa hawakuwa na kamba ya kuongoza njia isiyokatika mpaka nje, hawakubakiza theluthi mbili za hewa kwa ajili ya kutoka, au walizama mno. Baadaye yaliongezwa mawili, mafunzo na taa. Exley mwenyewe alifia mwaka 1994 katika shimo la Zacatón, Mexico, akitafuta kina.

Hesabu ya theluthi inafaa kufanywa kwa kalamu. Chukua mitungi miwili ya lita 12 iliyounganishwa, imejazwa mpaka bar 210. Hiyo ni hewa lita 5,040. Theluthi moja, yaani lita 1,680, ni ya kuingia. Geji, kipimo cha hewa iliyobaki, ikisoma bar 140 unageuka. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu, kwenye mita 20 hutumia lita 60, kwa hiyo theluthi yake inampeleka ndani dakika 28. Sasa mwenzako apoteze hewa yake yote palepale mnapogeuka. Wewe umebaki na lita 3,360, nanyi wawili mnatumia 120 kwa dakika. Gawanya: dakika 28. Mnafika mlangoni mitungi ikiwa mitupu.

Hiyo ni kama hakuna aliyeogopa. Pumzi ikipanda tu kutoka lita 20 hadi 30 kwa kila mmoja, hewa ileile inatosha dakika 19, na njia bado ni ya dakika 28. Ndiyo maana kwa maoni yangu theluthi ni kikomo cha mwisho. Mwenye busara hugeuka mapema zaidi. Katika chemchemi za Florida mkondo hutoka nje na humsaidia anayerudi. Kwenye pango ambalo mkondo huingia ndani, theluthi haitoshi hata kidogo.

Sasa tuje kwenye kifaa chenyewe. Regyuleta, ile inayoshusha mgandamizo wa hewa ya mtungi mpaka uweze kuivuta, ikiharibika mara nyingi hufungulia badala ya kuziba. Hewa humwagika bila kukoma, mapovu yanagonga dari na kushusha vumbi la mwamba, na kelele ni kubwa kuliko fikra. Kiini chake huwa kidogo: oringi, yaani pete ya mpira ya kuziba, iliyochomoka, kiti cha vali kilicholika, chembe ya mchanga. Mtungi unaweza kwisha katika dakika chache, na kadiri ulivyo chini ndivyo unavyokwisha upesi.

Ndiyo sababu mitungi ya pangoni huwa na koki mbili za juu, kulia na kushoto, kila moja na regyuleta yake, na koki ya tatu katikati inayotenganisha mitungi. Ukisikia mapovu nyuma ya kichwa, mpe mwenzako ishara kwa tochi, funga koki ya upande unaovuja, hamia regyuleta ya upande wa pili, angalia geji, mtoke. Kama hujui ni upande upi, funga mmoja usikilize. Mapovu yasipokoma, fungua na ufunge wa pili. Yakiendelea bado, funga ya katikati ili angalau nusu ya hewa isalimike. Walimu hutofautiana juu ya koki ipi itangulie. Fuata uliyofundishwa, maana mle ndani hakuna muda wa kushauriana. Kama mkono wako haufiki kwenye koki ukiwa umevaa kila kitu, hujawa tayari kuingia.

Kuna kosa la koki ambalo halina kelele. Ukipita mahali pembamba na mtungi ukakwaruza dari, koki ya kushoto huzunguka kuelekea kufungwa. Mara nyingi geji imefungwa upande huohuo. Basi mshale unaganda kwenye namba nzuri huku hewa ikiendelea kupungua, na regyuleta ya akiba itakupa pumzi mbili tatu kisha inyamaze. Kila unapotoka kwenye ufa mwembamba, peleka mkono nyuma ukague koki. Na geji isiyoshuka kabisa ikutie wasiwasi.

Jaketi la kuelea nalo huweza kujijaza lenyewe kitufe kikikwama. Chomoa mpira unaoliingizia hewa, huku mkono mwingine ukitoa hewa, kabla hujabandikwa darini. Miwani ikivunjika, ya akiba iko mfukoni. Hilo ni suala la mazoezi tu.

Tochi zinahitaji zaidi. Kanuni ni tatu kwa kila mtu, kila moja ikiwa na uwezo wa kumulika safari nzima. Ile kubwa ikizimika unawasha ya akiba na safari imekwisha, hata kama zimebaki mbili zinazowaka. Watu wengi huona hili kama woga. Lakini mtu anayeendelea mbele kwa tochi ya akiba amekwisha kuanza kula akiba yake, na kosa la pili litamwacha na tochi moja tu.

Tochi zote zikizimika, au tope likipanda mpaka usione kiganja chako, iliyobaki ni kamba. Unaishika kwa kuunda duara la vidole bila kuivuta, unamgusa mwenzako mkononi au mguuni, mnasogea polepole. Kwenye njia panda kuna vishale vya plastiki vinavyoelekeza kwenye mlango wa karibu, na umbo lake hupapaswa kwa vidole. Fanya mazoezi ya kufumba macho nchi kavu kwanza, kamba imefungwa kutoka mti mmoja hadi mwingine. Beba pia kisu kidogo mahali ambapo kila mkono unafika, maana waya na kamba hunasa.

Kinga kubwa hufanyika juu. Regyuleta ipelekwe kwa fundi kwa muda uliowekwa na mtengenezaji. Kabla ya kuzama, kaguaneni ndani ya maji ya kina kifupi, mmoja amtazame mwenzake nyuma kama kuna mapovu, kila mmoja avute regyuleta zote mbili huku akiangalia mshale: ukicheza kwa kila pumzi, koki haijafunguliwa vizuri. Povu dogo la kuvumilika hamna. Mnatoka, mnabadilisha oringi.

Kwa wasomaji wa pwani yetu, haya yanawahusu zaidi ya inavyoonekana. Cheti cha mwanzo cha kupiga mbizi kinachotolewa Nungwi, Mafia, Diani au Watamu kinakufikisha mita 18 katika maji ya wazi. Hakikuruhusu kuingia pangoni, wala tumboni mwa meli iliyozama. Kiongozi akikuita uingie ndani ya tundu kwenye mwamba, na wewe una mtungi mmoja, tochi moja na huna kamba, mwonyeshe dole gumba likielekea juu. Chini ya maji ishara hiyo maana yake ni kwamba safari imekwisha, na mtu yeyote ana haki ya kuitoa wakati wowote bila kuulizwa sababu. Itumie.