Tumsome Oscar Kambona

Mzazi akimwuliza mtoto wake majina ya watu walioutafuta Uhuru wa Tanganyika, atajibiwa upesi: Nyerere, Kawawa, Bibi Titi. Jina la Oscar Kambona huja kwa shida, au haliji kabisa. Twaona yafaa kulileta mbele ya jamaa zetu juma hili. Hatukusudii kumtakasa, wala si kazi yetu kumhukumu.

Kambona alizaliwa kando ya Ziwa Nyasa, karibu na Mbamba Bay, mwana wa padre wa Kianglikana. Alisoma, akawa mwalimu, kisha akaiacha chaki ili afuatane na mwalimu mwenzake, Julius Nyerere, katika chama cha TANU kilichoundwa mwaka 1954. Mmoja Mkatoliki, mwingine Mwanglikana, na jambo hilo halikuwazuia kushika jembe moja. Kambona alikuwa Katibu Mkuu. Baadaye alikwenda London kusomea sheria, na aliporudi akawa Waziri wa Elimu, wa Mambo ya Ndani, kisha wa Mambo ya Nje. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoundwa Addis Ababa mwaka 1963, Kamati yake ya Ukombozi iliwekwa Dar es Salaam, naye akawa mwenyekiti wake.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Walidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Rais Nyerere na Makamu wake Kawawa walifichwa mahali pa salama. Kambona ndiye aliyekwenda kambini kuzungumza na watu wenye bunduki, wenye hasira, wasiojua bado wanataka nini hasa. Kwa muda wa siku mbili hivi, mwananchi aliyetaka kuiona serikali yake aliiona katika sura ya mtu huyu mmoja. Wako waliokwisha kutwaa nchi kwa nafasi ndogo kuliko hiyo. Nyerere alipotokea tena hadharani, alikikuta kiti chake kitupu, kinamngoja.

Basi rafiki wa namna hiyo aligeukaje kuwa mpinzani? Haikuwa kwa siku moja. Mwaka 1965 nchi ilifanywa kuwa ya chama kimoja kwa sheria. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Kambona hakuridhika na mwendo huo. Mwezi Juni 1967 alijiuzulu, na muda si mrefu akatoka nchini na jamaa yake kwa njia ya Kenya, akafika London. Huko alimwita Nyerere dikteta. Serikali nayo ilidai kwamba alikuwa na fedha nyingi asizoweza kueleza zilikotoka, yeye alikana. Katika kesi ya uhaini iliyoanza mwaka 1970 alitajwa kuwa kiongozi wa njama ya kuipindua serikali, naye yuko mbali. Waliosimama kizimbani ni wengine. Bibi Titi Mohamed alihukumiwa kifungo cha maisha, akaachiliwa kwa msamaha wa Rais mwaka 1972.

Hapa twamwomba msomaji asimame kidogo. Mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Kambona alikuwa mmoja wa mawaziri wa serikali iliyoileta. Huenda siku ile ilionekana kuwa silaha ya kulilinda taifa changa dhidi ya maadui wake, na kila aliyeiunga mkono alijihesabu kuwa upande wa wenye kulindwa. Miaka mitano baadaye yeye yuko ng'ambo, na ndugu zake wawili waliobaki nyumbani wakakamatwa. Walikaa kizuizini miaka ipatayo 10, pasipo hukumu ya mahakama. Wakafunguliwa mwaka 1978. Ikiwa walikuwa na kosa, hakimu hakupewa nafasi ya kulisikia. Na ikiwa kosa lao lilikuwa jina la ukoo, mama yao angeambiwa nini?

Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, Kambona alirudi. Watu walijaa Jangwani kumsikiliza, wakitumaini kusikia siri za miaka 25. Walichopewa ni madai kwamba baadhi ya viongozi wakubwa asili yao si ya nchi hii. Wengi waliondoka wamevunjika moyo, nasi hatuwalaumu: mtu aliyejua uchungu wa kuikosa nchi yake hakupaswa kuwatilia wenzake shaka ya uraia. Chama alichokiongoza, TADEA, hakikupata nguvu.

Alifariki London mwaka 1997. Mwalimu Nyerere naye alifariki mwaka 1999, katika mji huo huo.