Kusoma kwa Rika

Mwezi huu tujifunze juu ya vijana wetu walio vyuoni, na namna wanavyoweza kusaidiana hata wote wamalize.

Sisi wa Kyela tunayo shule ya jambo hili tangu kale. Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, na katika kitabu chake cha mwaka 1951 mama huyo alieleza habari za vijiji vya rika. Mvulana wa miaka 10 au 11 alitoka kwa baba yake, akajenga kibanda pamoja na wenzake. Chakula bado kilitoka kwa mama zao, lakini hawakwenda kula mmoja mmoja. Walikwenda kundi zima, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Ukaaji mwema wa namna hiyo waliuita ukwangala.

Angalieni hapo. Mtoto hakulazimika kusema, "Nina njaa." Zamu ilimfikia kabla hajaomba.

Katika miaka yetu ya kufundisha chuo cha ualimu tuliona wanafunzi wakiondoka kwa sababu ya aibu kuliko deni lenyewe. Karo ya Januari hudaiwa mpunga ukiwa bado bondeni. Kijana huanza kukosa mlo, halafu kipindi, halafu asubuhi moja kitanda chake ki kitupu. Wenzake husema, "Laiti angalituambia!" Mwenye aibu hasemi. Bodi ya Mikopo nayo, ilipoanza kazi mwaka 2005, iliundwa kwa ajili ya elimu ya juu. Wa cheti cha ualimu wakabaki mikononi mwa wazazi.

Basi wanafunzi wanne au watano wapatane siku ya kwanza, kabla hajajulikana mwenye nacho na asiye nacho. Unga na mchele viwekwe pamoja. Kitabu cha Hesabu kizunguke. Kila Jumamosi mmoja awafundishe wenzake somo analoliweza (naye ndiye atakayelielewa zaidi, twajua sisi). Lakini andalio la somo kila mtu aandike lake, maana mbele ya watoto atasimama peke yake.

Na ninyi wazazi, mtoto akija likizo na wenzake watatu, msimwulize wamekuja kufanya nini. Pikeni. Akirudi chuoni, mchele mtakaomfungia upimeni kwa kikundi chote.