Fundisha Kichujio Barua za Kwenu

Oktoba ni mwezi wa bonasi ya majanichai huku kwetu, kuanzia Othaya mpaka Mathira. Mwaka nilipoanza kutunza seva ya barua pepe ya sacco moja mjini Nyeri, orodha ya malipo ya bonasi ilitumbukia kwenye folda ya taka ikalala humo siku nne. Wakulima waliodamka kupanda matatu walirudi nyumbani mikono mitupu. Iliniuma sana.

Nikafungua vichwa vya barua ile na kukuta BAYES_99, yaani SpamAssassin, programu yetu ya kuchuja taka, ina hakika ya asilimia 99 au zaidi kwamba ni taka. Aliyenitangulia aliifundisha kwa furushi la barua za Kiingereza alilopakua mtandaoni. Kazi ya sehemu yake ya Bayes, kwa njia ambayo Paul Graham aliieneza mwaka 2002, ni kuhesabu kila neno limeonekana mara ngapi katika taka na mara ngapi katika barua njema. Sasa barua ya kwetu hutaja “bonus”, “loan” na “payment” katika mstari mmoja. Ingeponea wapi?

Nilifuta yote kwa `sa-learn --clear` nikaanza upya, na nilianza na barua njema. Wengi hukusanya taka tu, na hapo ndipo huharibu. Chukua barua njema za mwaka mzima, si za mwezi uliopita, ili msimu wa bonasi uwemo, na zile zinazochanganya Kiswahili, Kiingereza na Gĩkũyũ ziwemo. Kabla ya kupata 200 njema na 200 taka, kichujio hakitoi hukumu yoyote ya Bayes.

Taka hulishwa kwa `sa-learn --spam`, njema kwa `sa-learn --ham`. Tafadhali endesha amri hizi kwa jina la mtumiaji yule yule anayeendesha kichujio. Mimi niliziendesha kama root wiki mbili nzima. Masomo yote yakaenda kwenye hifadhidata isiyosomwa na yeyote. Nilijua nilipoingia kama mtumiaji wa kichujio na kuandika `sa-learn --dump magic`: nham, yaani idadi ya barua njema zilizofundishwa, sufuri.

Kisha nikampa karani wa mikopo folda mbili, Taka na Si Taka. Akikuta barua imepotea njia, anaihamisha, haifuti, na usiku seva inajifunza.

Oktoba iliyofuata niliamka alfajiri kuangalia orodha ya bonasi. BAYES_00, yaani si taka. Saa tatu asubuhi kaunta ilikuwa inalipa.