Kabla Hujameza Milk Thistle

Shangazi amekutumia kwenye WhatsApp picha ya kopo la dawa ya mmea uitwao milk thistle. "Inasafisha ini," kaandika. Na wewe umechoka wiki nzima, tumbo upande wa kulia linavuta, na duka la dawa liko njiani kuelekea kazini. Subiri kwanza. Usitoe hela.

Anza na maabara. Mwambie daktari unataka ini lipimwe. Utatolewa damu kuangalia vimeng'enya vya ALT na AST. Omba pia kipimo cha HBsAg, ambacho ni cha homa ya ini B, na kipimo cha homa ya ini C. Daktari akiona haja, atakuandikia na ultrasaundi. Usiridhike na ALT peke yake, maana ini linaweza kuwa limeshaharibika huku ALT ikisoma kawaida.

Nakusisitizia maabara kwa sababu magonjwa hayo yana dawa zake. Homa ya ini B ina vidonge kama tenofovir, ambavyo humzuia kirusi asizaliane. Homa ya ini C siku hizi inapona kabisa: vidonge vya wiki 8 hadi 12 vinaponya wagonjwa zaidi ya 95 katika kila 100. Milk thistle haimuui kirusi yeyote. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Marekani kwa wagonjwa 154 wa homa ya ini C, wote wakiwa wameshatibiwa kwa interferoni wasipone. Baadhi yao walipewa dawa ya mmea huu, wengine miligramu 420 na wengine 700, mara tatu kwa siku. Waliobaki walipewa vidonge visivyo na dawa ndani. Baada ya wiki 24 makundi yote yalikuwa sawa.

Kwa hiyo anayekwambia uache tenofovir unywe kopo lake, mkimbie. Hata akiwa ndugu yako.

Mmea wenyewe unatoka nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania. Jina lake la kisayansi ni Silybum marianum. Una miiba, ua la zambarau, na majani mapana yenye michirizi myeupe, kama yamemwagikiwa maziwa. Wakristo wa zamani wa Ulaya walisema ni maziwa ya Bikira Maria, na jina likabaki hapo. Dawa iko kwenye mbegu. Inaitwa silymarin, na hilo ndilo neno la kukariri kabla hujaingia dukani.

Sasa hapa nisikilize vizuri, maana pana hatari ya kweli. Ukitafuta Kiswahili cha mmea huu utaambiwa ni "mbaruti". Mbaruti tunaoujua sisi, unaoota kandokando ya barabara na kwenye mashamba ya mahindi, ni mmea mwingine kabisa. Nao una miiba. Nao una majani yenye mishipa myeupe. Lakini ua lake ni la njano, na ukivunja shina linatoa utomvu wa njano. Mbegu zake ni ndogo, nyeusi, za mviringo, na zina sumu. Mwaka 1998 mjini Delhi, India, mafuta ya haradali yaliyochanganyika na mafuta ya mbegu hizo yaliua watu zaidi ya 60. Walivimba miguu, mioyo ikashindwa kufanya kazi.

Usichume mmea wowote wa miiba ukausage nyumbani kwa kuwa umefanana na picha ya kwenye simu. Akikuletea mtu unga wa "mbaruti wa ini" ndani ya mfuko wa nailoni, mrudishie. Na mchunga, ile mboga chungu yenye utomvu mweupe, nayo si milk thistle. Yenyewe endelea kuipika.

Ukishapimwa, na daktari amekubali ujaribu, nunua kidonge au kapsuli kutoka duka la dawa lililosajiliwa. Tanzania angalia kama bidhaa inatambuliwa na TMDA au Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kenya uliza kama imesajiliwa na Pharmacy and Poisons Board. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo wala tarehe ya kuisha, liache palepale kwenye kaunta.

Geuza kopo usome nyuma. Namba kubwa ya mbele hukudanganya kirahisi. Kopo moja limeandikwa miligramu 1,000, ukisoma nyuma unakuta ni unga wa mbegu tu. Mbegu zina silymarin kidogo, kama asilimia 1.5 hadi 3, kwa hiyo umepata miligramu 15 hadi 30 basi. Kopo la pili limeandikwa miligramu 175, nawe unaliona dogo. Lakini hilo ni dawa iliyokamuliwa kwenye mbegu, na limeandikwa asilimia 80 silymarin. Piga hesabu: 175 mara 0.8 ni miligramu 140. Chukua hilo la pili. Kama halisemi asilimia ya silymarin, liache.

Kipimo kilichotumika sana kwenye tafiti za ini ni hizo miligramu 140 za silymarin, mara tatu kwa siku. Jumla 420. Usiongeze kwa kuwa ni "ya asili". Na usinywe mbili tatu kwa mpigo, milk thistle na majani ya shangazi na unga wa jirani. Ukiwashwa au ukiharisha utajuaje ni ipi?

Chai yake ni ya kukata kiu tu. Silymarin haiyeyuki vizuri kwenye maji, hivyo ukichemsha mbegu sehemu kubwa ya dawa inabaki kwenye machicha.

Mbegu zilizokaa wazi sokoni usizinunue. Ukungu unazipenda. Watafiti wa Ulaya waliopima virutubisho vya mimea mbalimbali walikuta sumu za ukungu kwa wingi zaidi kwenye vile vya milk thistle. Fikiria: umenunua dawa ya ini, ndani yake una sumu. Kopo lako funga vizuri, weka pakavu, mbali na jiko.

Utegemee nini? Ushahidi wake umegawanyika. Jaribio la Austria la mwaka 1989, kwa wagonjwa 170 ambao maini yao yalikuwa yameshasinyaa, lilionyesha waliomeza silymarin waliishi zaidi. Jaribio la Hispania la mwaka 1998, kwa wagonjwa 200 walioharibiwa ini na pombe, halikuona faida hiyo. Mimi naichukulia kama msaidizi, tena wa hiari. Daktari akikuruhusu, kubalianeni tarehe ya kurudia vipimo, tuseme baada ya miezi mitatu. Namba zikibaki vilevile, acha. Hela hiyo ina kazi nyingine.

Kwa watu wengi haina shida kubwa: tumbo kujaa gesi, kichefuchefu, kuharisha kidogo, kichwa kuuma. Imeze pamoja na chakula. Ila ni ukoo mmoja na alizeti na pareto. Kama ukiingia shamba la pareto unawashwa na kupiga chafya, usiiguse. Ukivimba midomo au kifua kikibana baada ya kuimeza, nenda hospitali muda huohuo.

Una kisukari? Inaweza kushusha sukari. Ukiichanganya na insulini au glibenclamide, unaweza kutetemeka na kuzimia. Mwambie daktari kwanza, na pima sukari mara nyingi zaidi wiki za mwanzo. Unatumia warfarin ya kuzuia damu kuganda? Usianze bila kuwaambia kliniki, maana huenda ikabadilisha nguvu ya warfarin, na damu yako itabidi ipimwe upya. Mwenye ARV, dawa za kifafa au za kansa naye aende na kopo lenyewe mkononi, alioneshe. Wanawake wenye saratani ya matiti au ya mfuko wa uzazi, au endometriosisi, waulize kabla, kwa sababu mmea huu unaweza kuwa na tabia kama ya homoni ya estrojeni.

Mjamzito, iache. Anayenyonyesha, jina lisikudanganye. Neno "milk" linatokana na madoa ya majani. Inauzwa kama ya kuongeza maziwa, lakini ushahidi ni mdogo. Mnyonyeshe mtoto mara kwa mara, umshike vizuri, mama, unywe maji ya kutosha. Maziwa yasipotoka, mwone mkunga.

Upo kwenye dozi ya TB? Dawa zake kweli huweza kuliumiza ini, na najua wengi wanatafuta cha kulikinga. Usijiongezee kitu kimyakimya, wala usiache dozi. Ukiona macho ya njano, kutapika au kukosa kabisa hamu ya kula, rudi kituoni siku hiyohiyo. Wao ndio watakaoamua dawa ipi isimame na ipi iendelee.

Na kuna hali ambazo hazisubiri kapsuli wala majani. Macho ya njano. Mkojo mweusi kama chai ya rangi. Tumbo kujaa maji. Kutapika damu au choo cheusi kama lami. Mgonjwa kuanza kuchanganyikiwa. Hiyo ni hospitali, usiku au mchana. Ukila uyoga wa porini ukaanza kutapika, vilevile. Ulaya kuna dawa ya mshipani inayotokana na mmea huu kwa sumu ya uyoga, lakini hiyo hutolewa wodini. Kapsuli ya nyumbani haiwezi kazi hiyo.

Wakati huohuo lifanyie ini lako yale yasiyohitaji kopo. Punguza pombe, na kama ini limeshaumia, acha kabisa. Panadol usizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na angalia dawa za mafua, kwa sababu nyingi zina paracetamol hiyohiyo ndani. Mahindi na karanga zilizoota ukungu usile, usisage, wala usimpe kuku. Sumukuvu iliua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui, na ini ndilo lililoshambuliwa. Na kama HBsAg yako ni hasi na hujachanjwa, omba chanjo ya homa ya ini B. Mtu mzima huchomwa sindano tatu ndani ya miezi sita.

Mjibu shangazi kwa heshima: "Asante shangazi, naanza na vipimo." Halafu mwambie na yeye akapime.