SOMO LA AFYA: MABAKA YA KUWASHA YASIYOISHA



Wapo wenzetu ambao karibu kila jioni ngozi yao huvimba mabaka. Mabaka hayo huwasha sana, kama vile mtu amepita kwenye upupu. Asubuhi yamekwisha. Jioni yanarudi, safari hii mgongoni badala ya mapajani. Waganga huyaita urtikaria. Yakiendelea kwa zaidi ya wiki 6 huitwa urtikaria sugu. Leo tujifunze namna yanavyotibiwa, hatua kwa hatua.

Yanatokeaje?

Ndani ya ngozi zetu mna chembe hai ndogo sana zilizobeba kitu kiitwacho histamini. Chembe hizo zikichokozwa humwaga histamini. Mishipa midogo ya damu hupanuka na kuvuja maji, ngozi ikavimba na kuwasha. Kwa mgonjwa wa muda mrefu, mara nyingi mchokozi hatoki nje. Ni kinga ya mwili wenyewe inayozichokoza chembe zake.

Kwa hiyo ugonjwa huu hauambukizi. Hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa, wala kusema eti karogwa.

Je, ni chakula?

Tuchukue mfano wa mama mkulima. Jirani mmoja anamwambia aache samaki. Wa pili anasema, "Ni mayai hayo." Wa tatu anakataza maharage na karanga. Baada ya miezi 3 mama huyu anakula ugali na mchicha tu. Amekonda, jembe linamshinda, na mabaka yako pale pale!

Chakula kikimdhuru mtu, mabaka hutokea upesi, kwa kawaida kabla ya saa 2 kupita, kisha huisha. Mabaka ya karibu kila siku kwa miezi mingi ni nadra sana kuletwa na chakula. Tusimnyime mgonjwa lishe kwa kubahatisha.

Vipo vitu vinavyoweza kuzidisha mabaka: joto, nguo za kubana, na dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Mtu amelima, mgongo unauma, anameza diklofenaki. Usiku hapati usingizi kwa kujikuna. Basi, mgonjwa amweleze mganga dawa zote anazotumia.

Hatua za matibabu

Hatua ya kwanza ni vidonge vya kuzuia histamini visivyoleta usingizi mwingi, kama setirizini au loratadini. Kwa kawaida mtu mzima humeza miligramu 10 mara 1 kwa siku. Mjamzito, mama anayenyonyesha na mwenye ugonjwa wa figo au ini waseme mapema, na watoto wana kipimo chao.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Humeza wakiwashwa, wakipoa huacha. Lakini dawa hii ni kama kufunga mlango kabla mbuzi hawajaingia shambani. Imezwe kila siku, hata siku ambayo hakuna mabaka. Ile Piriton tuliyoizoea ni ya zamani na husinzisha. Aliyeimeza asiendeshe pikipiki.

Hatua ya pili: kama hakuna nafuu baada ya wiki 2 hadi 4, mgonjwa arudi. Daktari anaweza kuongeza kipimo, hata kufikia mara 4 ya kile cha kwanza. Mgonjwa asijiongezee mwenyewe.

Hatua ya tatu ni ya daktari bingwa. Ipo sindano iitwayo omalizumabu, inayochomwa kila baada ya wiki 4. Ilikubaliwa kwa ugonjwa huu Marekani na Ulaya mwaka 2014, lakini bei yake ni kubwa sana. Ipo pia siklosporini, ambayo humlazimu mgonjwa kupimwa figo na shinikizo la damu mara kwa mara. Hapa Tanzania, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi tangu mwaka 1992. Tuwaombe waganga wetu watupe barua ya kwenda kwa mtaalamu wa ngozi.

Tujihadhari na prednisoloni

Vidonge hivi huleta nafuu upesi, na mtu hufurahi. Kumbe vikitumiwa muda mrefu hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa na hupunguza kinga. Daktari huvitoa kwa siku chache tu. Aliyekwisha kuvitumia muda mrefu asiache ghafla, amwone daktari kwanza.

Usisubiri kesho

Ulimi au koo likivimba, pumzi ikibana au mtu akizimia, akimbizwe hospitali saa ile ile. Hapo kidonge hakitoshi, huhitajika sindano ya adrenalini. Na kama baka moja linakaa zaidi ya saa 24, linauma na kuacha alama kama ya kuvilia damu, mgonjwa akapimwe. Huenda ni ugonjwa mwingine.

Tutumie daftari

Sisi tunajua kusoma na kuandika. Kila usiku mgonjwa aandike alama mbili. Kuwashwa: hakuna 0, kidogo 1, kiasi 2, sana 3. Mabaka: hakuna 0, chini ya 20 aandike 1, 20 hadi 50 aandike 2, zaidi ya 50 aandike 3. Ajumlishe za siku 7. Jumla kubwa kabisa ni 42. Daktari akiona jumla inashuka, atajua dawa inafaa. Isiposhuka, atapanda hatua.

Wengi huugua mwaka 1 hadi 5, kisha mabaka hutoweka. Vidonge havikati mzizi wa ugonjwa, ila humwezesha mtu kulala, kulima na kula vizuri wakati akisubiri.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini vidonge vimezwe hata siku isiyo na mabaka?
2. Mgonjwa ameandika 5, 4, 4, 3, 3, 2, 2. Jumla yake ni ngapi?
3. Utamshauri nini jirani aliyeacha kula samaki, mayai na maharage?