Mtoto wa pili tumsubiri hadi lini?

*Daktari, mwanangu ana miezi minane, bado ananyonya. Nilijifungua kwa upasuaji. Mama mkwe anataka nizae tena upesi, "nimalize kazi". Hedhi haijarudi. Tusubiri muda gani? Mama K., Morogoro*

Mama K., pole na presha ya nyumbani. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua ndipo ushike mimba nyingine. Mwili urudishe damu kwanza. Kwako kuna pia kovu: mimba ikiwahi mno, linaweza kuachia wakati wa uchungu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo hedhi. Kunyonyesha hukinga mimba mtoto akiwa chini ya miezi sita, ananyonya tu usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Wako kavuka miezi sita, bila shaka keshaanza uji, na mimba huweza kuingia kabla hujaona damu. Nenda kliniki wiki hii, na mumeo akiweza. Pima mimba, kisha uliza kuhusu kitanzi, kijiti au vidonge vya wanaonyonyesha, maziwa hayatakauka. Ukiwa umevuka miaka 35, mwambie daktari, huenda mkafupisha kidogo muda wa kusubiri. Kipimo kikionyesha tayari una mimba, usiogope: anza kliniki mapema, utaje upasuaji, na upange kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji.