Dondoo muhimu: Kumlisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo

Mtindio wa ubongo, yaani hali inayotokana na ubongo kudhurika kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo, huweza kudhoofisha hata misuli ya kutafuna na kumeza, na mlo ukawa kazi nzito kuliko walezi wengi wanavyoelezwa.

Mtoto aketishwe wima, nyonga na magoti yakiwa yamekunjwa na kichwa kikiinama mbele kidogo, kwa kuwa kumlisha akiwa amelala chali hurahisisha chakula kuingia kwenye njia ya hewa, na kinachoingia mapafuni mara kwa mara huleta nimonia. Uji mzito usio na mabonge mara nyingi humezeka kwa usalama kuliko maji au chai, ambayo huteremka kooni kabla misuli haijajiandaa. Kijiko kiwe kidogo, na kingine kisifuate mpaka kinywa kiwe tupu. Kumbana pua ili ameze, desturi ambayo bado ipo katika baadhi ya nyumba, ni hatari na haina budi kuachwa. Baada ya kula, abaki wima kwa dakika 30 hivi.

Anayekohoa kila anapolishwa, au anayepungua uzito, apelekwe kliniki bila kungoja homa.